Mwenye Hati na Mwenye Jembe: Nani Hasa Mkulima wa India?

Tangu 2019 serikali ya India inawalipa wakulima rupia 6,000 kwa mwaka, kwa mafungu matatu ya rupia 2,000, na fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Mpango huo unaitwa PM-KISAN. Umezifikia kaya mamilioni kwa mamilioni, na faida yake kubwa ni kwamba hakuna dalali anayepata nafasi ya kumega njiani. Lakini ili uingie humo, ardhi sharti iwe imeandikwa kwa jina lako. Anayelima shamba la mwenzake hahesabiwi. Mwanamke ambaye mumewe yuko Delhi akifanya kazi ya saidia fundi, huku yeye ndiye anayemwagilia, anayepalilia na anayevuna, naye hahesabiwi, kwa kuwa daftari la ardhi lina jina la mume au la baba mkwe.

Hoja yangu ni moja. Kijiji cha India kimebadilika mno, lakini siasa ya kilimo ya nchi hiyo bado inamtafuta mkulima kwa kuangalia hati. Na kwa kuwa mwenye hati na mwenye jembe wamezidi kuwa watu wawili tofauti, msaada, mkopo, fidia na hata huruma ya taifa vinakwenda kwa mmoja, na jua linampiga mwingine.

Mahali pazuri pa kuonea jambo hili ni Palanpur, kijiji cha wilaya ya Moradabad, magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh. Kiko kando ya reli, kituo chake kinaitwa Jargaon, na mji wa jirani ni Chandausi, unaojulikana kwa soko la mafuta ya mnanaa. Ukikipita kwa treni huwezi kukitofautisha na maelfu ya vijiji vingine vya bonde la Ganga. Kilichokipa jina ni kwamba tangu 1957 wachumi wamekuwa wakirudi pale kila baada ya miaka kadhaa na kuzihesabu kaya zote, bila kuruka hata moja: nani ana ardhi kiasi gani, nani anamlimia nani, nani anadaiwa, nani amepata kibarua wapi. Christopher Bliss na Nicholas Stern walikuwa pale mwaka 1974 na 1975. Jean Drèze na Naresh Sharma wakafuata 1983 na 1984. Mchumi Himanshu na wenzake wakaja kati ya 2008 na 2010. Ni vijiji vichache sana duniani vyenye kumbukumbu ndefu na za karibu namna hiyo.

Hesabu ya kwanza ilikuta watu 500 na kitu. Mashamba yaliyopata maji yalikuwa karibu nusu tu, na maji yenyewe yalitekwa kisimani kwa magurudumu yaliyozungushwa na maksai. Waliotamba kijijini walikuwa Thakur, tabaka la wenye ardhi na heshima, ambao kwa jadi yao mtu kushika plau kwa mkono wake mwenyewe halikuwa jambo la kujivunia. Walifuatia Murao, watu ambao kulima ndiyo kazi ya mababu zao. Chini kabisa walikuwa Jatab, ambao ni Dalit, yaani watu waliobaguliwa kama wa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, wakiishi kwa vibarua na vipande vidogo vya ardhi.

Kisha zikaja mbegu fupi za ngano. Mwaka 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu hizo kutoka Mexico, matunda ya utafiti wa Norman Borlaug, na ndani ya nchi mwanasayansi M. S. Swaminathan akawa kinara wa kuzieneza. Mbegu hizo zilitaka maji na mbolea. Pampu za dizeli zikawasukuma maksai pembeni, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 karibu mashamba yote ya Palanpur yalikuwa yanamwagiliwa. Mavuno yakaongezeka mara kadhaa. Walioneemeka zaidi ni Murao, kwa sababu walijua kulima na hawakuona haya kulima. Wakanunua ardhi, wakachimba visima, na Thakur wakaanza kuwaona majirani waliokuwa chini yao wakilingana nao kwa mali.

Hayo ndiyo mapinduzi yanayosimuliwa kila mahali. Yaliyokuja baadaye yalikuwa ya kimyakimya, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyobadilisha zaidi maisha ya watu. Kuanzia miaka ya 1980, na kwa kasi baada ya 2000, ongezeko kubwa la kipato cha Palanpur lilitoka nje ya shamba: matanuri ya matofali, kazi za ujenzi, karakana za Moradabad, maduka madogo, ufundi wa pikipiki, vibarua vya mijini. Wengi hawakuhama. Wanaondoka asubuhi na kurudi jioni, au wanakaa msimu mmoja kwenye tanuri kisha wanarejea. Jatab, ambao mapinduzi ya ngano yaliwapita pembeni kwa kuwa hawakuwa na ardhi ya kutosha, ndio walioinuliwa na mabadiliko haya ya pili. Kibarua kilipopatikana mjini, mtu hakulazimika tena kusubiri hisani ya mwenye shamba. Ujira wa kijijini nao ukapanda, maana aliyetaka mvunaji alilazimika kushindana na tanuri la matofali.

Isidhaniwe kwamba neema hiyo iligawanyika sawa. Pengo la kipato kijijini limepanuka tangu miaka ya 1980, na nafasi ya mtoto maishani imezidi kufuata ile ya baba yake. Kazi za nje hupatikana kwa kujuana. Aliye na mjomba kwenye karakana anapata, aliye na fedha ya kuanzia anafungua duka, na asiye na vyote anabeba matofali.

Sasa tuangalie shamba lenyewe, maana halikuachwa. Upangaji wa mashamba umeongezeka. Mkataba wa jadi unaitwa batai: mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu, na gharama za pembejeo nazo zinachangiwa. Mkataba uliokuja kushika kasi zaidi ni chauthai, yaani robo. Mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu, mbolea, maji ya pampu na fedha ya trekta. Mwenzake analeta nguvu zake tu. Anamwagilia usiku kama umeme umekuja usiku, anapalilia, anavuna. Ngano ikishapurwa inapimwa mafungu manne: matatu yanakwenda kwa mwenye shamba, moja linabaki kwake.

Pande zote mbili zina sababu zao. Mwenye shamba ana ajira mjini au ana duka, hana muda wa kusimamia kilimo, lakini kuiuza ardhi ni kuuza bima ya familia na jina la ukoo. Mwenye nguvu hana mtaji wa mbolea wala dizeli, na kwa chauthai hajiingizi kwenye deni la pembejeo. Ni mapatano yanayoeleweka kabisa. Tatizo ni kwamba hayana karatasi. Baada ya kufuta mfumo wa mamwinyi wa zamindari mwanzoni mwa miaka ya 1950, Uttar Pradesh iliweka sheria iliyozuia kwa kiasi kikubwa kupangisha mashamba, isipokuwa kwa watu kama wajane, watoto, walemavu na wanajeshi. Nia ilikuwa njema, ardhi ibaki kwa anayeilima. Lakini upangaji haukukoma, ulijificha. Mikataba ikawa ya mdomo, na mpangaji akawa mtu asiyeonekana kisheria. Mvua ya mawe ikipiga ngano mwezi Machi, fidia inafuata jina lililo kwenye daftari. Mkopo wa benki wenye riba nafuu unafuata jina hilohilo. Aliyekesha na maji shambani anarudi kwa mkopeshaji wa mtaani na riba yake.

Palanpur haiko peke yake. Utafiti wa taifa wa kaya za wakulima wa 2018 na 2019 ulikuta kaya ya kilimo ikipata wastani wa rupia 10,218 kwa mwezi. Humo, ujira ulileta rupia 4,063 na mazao rupia 3,798. Miaka sita kabla yake mambo yalikuwa kinyume: mazao yalileta rupia 3,081 na ujira 2,071. Yaani katika nchi yenye sera, wizara na maandamano makubwa kuhusu bei ya mazao, kaya ya kawaida ya mkulima sasa inapata zaidi kwa kuuza nguvu zake kuliko kwa kuuza ngano. Nusu ya kaya hizo zilikuwa na deni. Na hili linaeleweka ukitazama ukubwa wa mashamba. Wastani wa shamba ulikuwa hekta 2.28 mwaka 1970 na 1971, ukashuka hadi hekta 1.08 kufikia 2015 na 2016. Asilimia 86 ya mashamba yote hayafiki hekta mbili. Baba akifa, wana wanne wanagawana, na kipande kinachobaki hakitoshi kumlisha mtu na wanawe, ila kinatosha kumfanya aitwe mkulima.

Wanawake nao wamebaki na jembe. Takwimu za ajira za 2023 na 2024 zinaonyesha kwamba karibu wanawake 77 katika kila 100 wanaofanya kazi vijijini wako kwenye kilimo. Wanaume wanatoka, wao wanabaki. Lakini sensa ya kilimo ya 2015 na 2016 iliwakuta wakiwa na asilimia 14 tu ya mashamba. Uttar Pradesh ilizidisha ugumu huo. Mwaka 2005 bunge la taifa lilimpa binti wa Kihindu haki sawa ya kurithi mali ya ukoo, lakini ardhi ya kilimo ya jimbo hilo ikaendelea kufuata sheria yake yenyewe, ambayo kwa miaka mingi imemweka binti aliyeolewa nje ya mstari wa kwanza wa urithi. Mwanamke anahamia kijiji cha mume, anaiacha ardhi ya baba yake kwa kaka zake, na anaikuta ardhi ya mume ikiwa kwa jina la mwanamume. Anaweza kulima miaka 40 asiandikwe popote.

Mifugo inaonyesha jambo hilohilo kwa namna ya pekee, na wakulima wa jimbo hilo wanaisema kwa uchungu. Trekta lilipoingia, maksai hawakuwa na kazi tena. Zamani ndama dume aliyezidi aliuzwa na fedha ikasaidia nyumba. Kuchinja ng'ombe kumekatazwa na sheria ya jimbo tangu 1955, na baada ya 2017 msako dhidi ya machinjio yasiyo na leseni ukaifunga biashara nzima, mpaka kumsafirisha ndama ikawa hatari. Basi mifugo ikaachiwa njiani. Hesabu ya mifugo ya 2019 ilikuta ng'ombe wasio na wenyewe karibu milioni 1.2 Uttar Pradesh. Wanaingia kwenye ngano usiku kwa makundi. Watu wanazungusha seng'enge, na asiye na fedha ya seng'enge anakesha kwenye dungu na tochi na fimbo katika baridi ya Januari. Anayekesha, mara nyingi, ni yule wa robo, au ni mwanamke na wanawe. Gharama ya usingizi huo haimo kwenye hesabu ya bei ya ngano ya serikali.

Ninayasema haya nikiwa upande wa wakulima waliopiga kambi kwenye mipaka ya Delhi, pale Singhu, Tikri na Ghazipur, kuanzia Novemba 2020. Sheria tatu za biashara ya mazao zilizopitishwa Septemba mwaka ule zilisukumwa bila kuwasikiliza, na walivumilia baridi, joto na vifo vya wenzao mpaka waziri mkuu Narendra Modi akatangaza kuzifuta tarehe 19 Novemba 2021. Ulikuwa ushindi wa haki. Lakini mwaka uleule wa 2020, mwezi Juni, vibarua kutoka Bihar waliposhindwa kufika Punjab kwa sababu ya zuio la korona, mabaraza mengi ya vijiji vya Punjab yalipitisha maazimio ya kuweka kikomo cha ujira wa kupandikiza mpunga, ili vibarua wa pale kijijini, wengi wao Dalit, wasidai zaidi. Punjab ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya Dalit miongoni mwa majimbo ya India, karibu theluthi ya watu wote, na wanamiliki asilimia 3.5 hivi ya ardhi ya kilimo. Anayedai bei ya haki kwa ngano yake na anayenyimwa ujira wa haki kwa mgongo wake wanaishi kijiji kimoja. Baadhi ya vyama vya wasio na ardhi vilikwenda Delhi hata hivyo, na wanawake walikwenda kwa maelfu, kisha Januari 2021 jaji mkuu wa nchi akauliza kwa nini wazee na wanawake wamewekwa kwenye maandamano. Kana kwamba walikuwa wamewasindikiza wakulima, ilhali wakulima ni wao.

Hata misiba inahesabiwa hivyo. Taarifa ya serikali ya 2022 iliorodhesha watu 11,290 wa sekta ya kilimo waliojiua. Wenye kulima mashamba walikuwa 5,207, na vibarua wa mashambani 6,083. Kwa miaka mingi magazeti yamekuwa yakiandika msiba wa mkulima mwenye deni la benki, na ni msiba wa kweli. Ila waliokuwa wengi zaidi mwaka ule ni wale ambao benki isingewakopesha hata wangeomba. Mwanamke wa kaya ya wakulima akijiua, uwezekano mkubwa ni kuandikwa mama wa nyumbani.

Wasomaji wa Mtwara, Lindi na Babati wana kumbukumbu yao ya siasa hizi. Bei ya mbaazi ilipopaa India, wakulima wa India walipanda kwa wingi, mavuno ya msimu wa 2016 na 2017 yakavunja rekodi, na bei ikaanguka chini ya ile ya rupia 5,050 kwa kilo 100 iliyotangazwa na serikali. Agosti 2017 Delhi ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje, na soko la Tanzania likaporomoka. Ilifanywa kwa jina la mkulima wa India. Lakini kamati ya serikali iliyoongozwa na Shanta Kumar ilikuwa imeshasema mwaka 2015 kwamba wakulima wanaofanikiwa kuiuzia serikali kwa bei iliyotangazwa ni takriban asilimia 6 tu. Mkulima wa Tanzania aliumia kwa ajili ya jina, na wengi wenye jina hilo kule India hawakuona nafuu.

Dawa inajulikana. Tume ya taifa ya wakulima iliyoongozwa na Swaminathan, na sera ya 2007 iliyotokana na kazi yake, ilimtaja mkulima kwa upana: mpangaji, mlimaji wa mgao, mwanamke, kibarua wa shambani, mfugaji, mvuvi, hata mfuga nyuki. Miaka 12 baadaye PM-KISAN ikaanzishwa kana kwamba sera hiyo haikuwahi kuandikwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba ni vigumu kumtambua mlimaji asiye na hati. Sensa ya watu ya India inamtambua siku zote. Kwa sensa, anayelima ardhi ya kukodi kwa fedha au kwa mgao ni mkulima sawa na mwenye mali. Odisha, ilipoanzisha mpango wake wa KALIA, iliwaingiza walimaji wa mgao, na ikatenga fedha za mbuzi, kuku na uyoga kwa kaya zisizo na ardhi. Telangana iliyoanza mwaka 2018 kulipa kwa ekari iliwaacha wapangaji nje, na mwenye ekari nyingi akapata zaidi. Majimbo mawili yaliyochagua karibu wakati mmoja, kila moja upande wake. Uwezo ulikuwepo kote.

Kerala imekwenda mbali zaidi. Kupitia Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya wanawake wa jimbo hilo, wanawake zaidi ya 200,000 wamejiunga katika vikundi vidogo vinavyokodi ardhi kwa pamoja, vinakopa benki kwa dhamana ya kikundi na kuuza mboga, mpunga na ndizi kwa jina lao. Mwanamke mmoja asiye na hati benki haimsikilizi, wanne au kumi wakienda pamoja na serikali ya mtaa ikiwa nyuma yao wanasikilizwa. Haijawapa umiliki, na ardhi inaweza kuchukuliwa msimu ukiisha, lakini imewaandika vitabuni kama wakulima.

Sensa ijayo ya India imepangwa kukamilika 2027, na safari hii itahesabu matabaka yote, jambo ambalo halijafanyika tangu 1931. Mwaka 2011 vibarua wa mashambani walikuwa milioni 144.3 na wakulima milioni 118.8, mara ya kwanza kwa sensa ya nchi hiyo kuwakuta vibarua wakiwa wengi. Majibu mapya yakitoka, wizara ya kilimo itakuwa na orodha mbili mezani: ya wanaolima na ya wanaolipwa. Vyama vya wakulima vilivyoishinda serikali mwaka 2021 vina nguvu ya kudai orodha hizo zilinganishwe, kijiji kwa kijiji, na mtu wa chauthai pamoja na mke wa saidia fundi wawekwe kwenye ile ya malipo. Mpaka sasa vimeweka nguvu hiyo karibu yote kwenye bei ya ngano na mpunga.